Tazameni Vema Maua: Muundo wa Ua na Mpangilio Wake Juu ya Shina

Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Bwana wetu Yesu Kristo anawataka wafuasi wake wayaangalie maua ya kondeni. Kitenzi cha Kigiriki kilichoandikwa katika aya ya 28 kina uzito zaidi ya kuangalia tu. Maana yake ni kujifunza jambo kwa makini hadi lieleweke. Wahubiri wetu huichukua aya hiyo, kwa haki kabisa, kuwa fundisho juu ya kutojisumbua kwa ajili ya mavazi na ya kesho. Lakini agizo lenyewe la kujifunza ua hupitwa haraka, kana kwamba lilikuwa pambo la mazungumzo. Katika makala hii tumeona vema tulichukue kama lilivyo.

Nasi tunaishi na maua. Tunayaweka mbele ya altare kila Dominika, tunayapeleka makaburini mwezi Novemba, na tunayapalilia mashambani pasipo hata kuyaita maua, kwa kuwa huko tunayaita mahindi, maboga na ndizi. Kutoyajua kuna gharama. Wapambaji wa kanisa hununua Jumamosi maua ambayo yamekwisha kufunguka yote, yakanyauka kabla ya Misa ya pili. Mkulima huyang'oa maua ya mboga yake akidhani ni ya bure, kumbe ndiyo yaliyobeba chavua. Au hunyunyiza dawa asubuhi ile ile ambayo nyuki wako kazini, kisha akashangaa maboga yanaanguka yakiwa madogo kama ndimu.

Tuanze na ua moja ambalo karibu kila parokia inalo: haibiskasi nyekundu iliyopandwa kuzunguka nyumba ya mapadre. (Kiswahili kinatuchekesha hapa, maana ua hilo limepandwa liwe ua.) Tulichume na kulichambua kutoka nje kwenda ndani. Kwanza, juu ya kikonyo, tunakuta kikombe cha kijani. Hicho ndicho sepali, tano zilizoungana, nazo kazi yake ni kulinda chipukizi la ua kabla halijafunguka. Haibiskasi ina anasa ya ziada: nje ya kikombe hicho imezungushiwa vijani vingine vyembamba, kama mtu aliyevaa koti juu ya koti. Kisha zinafuata petali, tano pia, zenye rangi ya kuita wageni. Wageni hao ni wadudu na ndege.

Katikati inasimama nguzo ndefu inayochomoza nje. Nguzo hiyo ni stameni nyingi zilizoungana zikawa bomba moja. Kila stameni ina kiuzi chembamba na, kwenye ncha yake, kifuko kidogo cha chavua, ile vumbi ya njano inayobaki vidoleni. Stameni ndizo sehemu dume za ua. Ndani ya bomba hilo umepita mrija wa sehemu jike, ambao juu kabisa unajigawa na kumalizika kwa vifundo vitano. Vifundo hivyo huitwa stigma. Ndivyo mahali pa kupokelea chavua. Tukipasua chini, mahali petali zilipoanzia, tunaikuta ovari, chumba chenye vijiyai vinavyoitwa ovuli. Chavua ikitua juu ya stigma huotesha kijirija cheusi kwa jicho letu, maana hakionekani, kinachoshuka hadi kuifikia ovuli. Hapo ovuli inakuwa mbegu, na ovari inakuwa tunda.

Haibiskasi ya uzio kwa kawaida haifiki huko. Lakini inaye ndugu jikoni. Bamia ni wa jamaa moja nayo, na ua lake la njano lenye kiini cheusi limejengwa kwa ramani ile ile. Anayekata bamia kwa upana anaviona vyumba vya ovari, kwa kawaida vitano au zaidi kidogo, na mbegu zilizokuwa ovuli. Kwa hiyo tunapokula bamia tunakula sehemu ya ndani ya ua iliyokomaa. Na ieleweke kwamba jambo hilo ni la matunda yote: embe, nyanya, parachichi, ganda la maharage, kila moja lilikuwa ovari ndani ya ua.

Si kila ua huhesabu kwa tano. Mayungiyungi tunayoyaweka altareni wakati wa Pasaka huhesabu kwa tatu: sepali tatu na petali tatu zinazofanana hata tukaziona kuwa petali sita, stameni sita, na ovari yenye vyumba vitatu. Hesabu ya tatu ni alama ya jamaa ya mimea ambayo mbegu yake huota kwa jani moja, na katika jamaa hiyo wamo kitunguu na mgomba. Mimea inayoota kwa majani mawili, kama maharage, mara nyingi huhesabu kwa nne au tano.

Yupo ndugu mmoja wa kuhesabu kwa tano ambaye jina lake wengi tunalitamka bila kulisikia. Ni pasheni. Wamisionari wa Kikatoliki waliokwenda Amerika ya Kusini, mmea huo ulikotokea, walilitazama ua lake kwa makini wakaona ndani yake Mateso ya Bwana: stigma tatu zikawa misumari mitatu, stameni tano zikawa madonda matano, duara ya nyuzi za zambarau ikawa taji ya miiba, na sepali tano pamoja na petali tano zikawa mitume kumi, bila Yuda aliyemsaliti na bila Petro aliyemkana. Kutokana na usomaji huo ua likaitwa kwa lugha za Ulaya ua la Mateso, na jina hilo ndilo lililofika sokoni kwetu likiwa pasheni. Si lazima tukubali kila kipengele cha usomaji wao. Lakini walihesabu, na walihesabu sawasawa. Mtaalamu wa mimea wa leo angezipata namba zile zile. Waliopanda pasheni ya njano wafahamu pia kwamba ua lake halikubali chavua ya mmea huo huo, na mbebaji wake mkuu ni yule nyuki mkubwa mweusi atobaye mbao za paa. Tunapomuua kwa sababu ya mbao tunapoteza matunda.

Hadi hapa tumesema juu ya ua lililosimama peke yake. Mengi hayasimami hivyo. Hukaa kwa makundi juu ya shina, na kila kundi lina utaratibu wake. Kiswahili kimelitambua jambo hili tangu zamani. Kwa mtama na mpunga tunasema suke. Kwa zabibu tunasema kichala. Mnazi una kole lake, na mgomba una mkungu wenye chane. Maneno hayo hatuyatumii ovyo, wala hakuna asemaye suke la zabibu au kichala cha mtama, kwa kuwa kila neno limebeba umbo fulani: katika suke maua yamekaa moja kwa moja juu ya mhimili au vitawi vyake, yakiwa yamebanana, katika kichala kila ua lina kikonyo chake na hujitenga kidogo. Kitunguu kilichoachwa kutoa mbegu kina umbo jingine, vikonyo vyote vikitoka sehemu moja kama mbavu za mwavuli. Giligilani na karoti zina miavuli iliyobeba miavuli midogo.

Nyuma ya maumbo hayo yote kuna swali moja tu, na tungependa msomaji alishike: je, ncha ya shina inaendelea kukua, au imegeuka ua?

Ncha ikiendelea kukua, huacha machipukizi ya maua nyuma yake kadiri inavyosonga mbele. Ya kwanza yako chini, ya mwisho yako juu. Kwa hiyo ua la chini ndilo kongwe, nalo hufunguka kwanza, na kufunguka kunapanda ngazi kuelekea nchani. Ncha ikigeuka ua, safari ya shina hilo imekwisha. Kukua kunahamia kwenye vitawi vya pembeni, chini ya ua hilo. Hapo ua la juu au la katikati ndilo la kwanza kufunguka, na wadogo zake hufuata pembeni.

Akina mama na vijana wanaopamba makanisa yetu wanaweza kuijaribu kanuni hii Jumamosi yoyote. Glediolasi ni suke la ngazi. Ukinunua lile ambalo ua moja au mawili ya chini ndiyo tu yameonyesha rangi, Dominika asubuhi yatakuwa yamefunguka, na mengine yatapanda siku zinazofuata. Ua la chini likinyauka, liondolewe, ngazi iendelee. Ukinunua lililofunguka hadi juu, umenunua jioni ya ua. Tena glediolasi zisilazwe kwa saa nyingi garini au sakristiani, kwa sababu ncha yake ingali inakua, nayo hujipinda kutafuta kusimama. Mkunjo huo haunyooki tena. Waridi la kishada ni kinyume chake. Chipukizi la katikati hufunguka kwanza na kufa kwanza, likiacha doa la kahawia katikati ya wenzake wabichi, na ndiyo maana wakulima wengi hulikata mapema.

Yungiyungi lina shida yake, ile chavua ya rangi ya machungwa inayotia madoa kwenye kitambaa cha altare na kanzu ya padre. Dawa yake ni kuujua muundo wa ua. Mara petali zinapofunguka, kabla vifuko vya chavua havijapasuka, vichomolewe kwa vidole kimoja kimoja. Viuzi vyake vibaki. Ikiwa chavua imekwisha kumwagika, isifutwe kwa maji, bali inyanyuliwe kwa utepe wa gundi.

Maelekezo ya jumla yaliyo mwanzoni mwa Misale ya Roma, namba 305, yanataka kiasi katika mapambo ya maua, na kwamba maua yapangwe kuizunguka altare badala ya kuwekwa juu ya meza yake. Wakati wa Majilio kiasi hicho kiwe cha namna isiyotangulia furaha ya Noeli. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Kwa maoni yetu, anayejua suke moja la glediolasi linavyofunguka kwa siku kadhaa hataona shida kupamba kwa mashina machache.

Yapo maua yanayotudanganya. Bogenvilia tunaiita ua la zambarau, lakini hiyo zambarau ni majani matatu yaliyobadilika. Maua yenyewe ni vijirija vidogo vyeupe ndani yake. Ule mmea mwekundu wa Krismasi, poinsetia, ni vivyo hivyo. Kala, lile ua jeupe la umbo la faneli lipendwalo katika harusi, ni jani moja lililoviringishwa kuzunguka kijiti cha njano, na juu ya kijiti hicho yamejipanga maua madogo sana, majike chini, madume juu.

Mdanganyifu mkuu ni alizeti. Tunasema ua la alizeti, na Singida na Dodoma wanalima mashamba makubwa ya ua hilo, ilhali kila kichwa ni kusanyiko la mamia ya maua. Yale ya ukingoni, yenye ulimi mrefu wa njano, kwa kawaida hayazai. Yapo kwa ajili ya kuita. Yale ya katikati, madogo na mengi, kila moja lina stameni zake, stigma yake na ovari yake yenye ovuli moja, na kila mbegu ya alizeti tunayoikamua ilitoka katika ua lake yenyewe. Shina limejitandaza kama sahani, lakini kanuni ya ngazi haikubadilika: ukingo ni chini, kitovu ni ncha. Hivyo kufunguka kunaanzia ukingoni na kusogea kuelekea katikati, duara kwa duara, kwa siku kadhaa. Anayepita na dawa ya wadudu katika siku hizo amewafukuza wachavushaji wa duara zote zilizobaki. Mbegu tupu, mapepe tunayoyapepeta kwa huzuni, ndiyo malipo.

Katika historia ya Kanisa yupo mtu aliyelifanya swali la mpangilio wa maua juu ya shina kuwa kazi ya miaka. Padre Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino katika abasia ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, ulio leo katika Jamhuri ya Czech. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere katika bustani ya abasia. Aliichagua njegere kwa sababu ya muundo wa ua lake. Petali mbili za chini zimeungana kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo zimefungiwa stameni kumi, tisa zilizoungana na moja iliyojitenga, pamoja na sehemu jike. Ua hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, wala mdudu haingii kwa urahisi. Kwa hiyo Mendel aliweza kujua kwa hakika baba na mama wa kila mbegu: alilifungua chipukizi kabla ya wakati wake, akazitoa stameni zote kumi, kisha akapaka juu ya stigma chavua aliyoitoa kwa mmea aliouchagua.

Alifuatilia sifa saba, na mojawapo ilikuwa hii hii tunayoizungumzia. Njegere nyingi huweka maua kwenye makwapa ya majani, yakiwa yametawanyika kando ya shina. Lakini ipo aina inayoyakusanya kileleni. Mendel alizichanganya aina hizo mbili. Watoto wote walitoa maua ya makwapani, kana kwamba kilele kimesahauliwa. Akawaacha watoto hao wajichavushe, akapanda mbegu zao, akahesabu mimea 858. Mimea 651 ilikuwa na maua ya makwapani, na 207 ilikuwa na maua ya kileleni. Sifa iliyopotea kwa watoto ilikuwa imerudi kwa wajukuu, karibu mmoja kati ya wanne. Sifa nyingine sita zilitoa uwiano ule ule wa takriban tatu kwa moja, na kutoka hapo akafahamu kwamba urithi hupitishwa kwa sehemu zisizochanganyikana kama rangi ndani ya maji. Alisoma matokeo yake mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, na wachache waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati, naye akafariki mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wanasayansi wa Ulaya walipoyagundua upya, na mbegu bora tunazonunua leo madukani zinatokana na elimu iliyojengwa juu ya hesabu ile.

Turudi mashambani kwetu, ambako swali la ncha na ngazi linagusa chakula moja kwa moja.

Mhindi umetenganisha madume na majike. Mbelewele iliyo kileleni ni maua dume. Gunzi lililo kwapani mwa jani ni suke la maua jike, limefungwa ndani ya maganda. Ndevu za hindi ndizo njia za chavua: kila unywele mmoja umeshikamana na ovuli moja, nao usipopokea chavua, punje moja inakosekana. Mapengo tunayoyaona kwenye gunzi yanaweza kuhesabika kuwa nywele zilizokosa chavua. Nazo ndevu hutoka kwa utaratibu ule ule, za kitako cha gunzi kwanza, za nchani mwisho. Ukame ukizichelewesha, za nchani hutoka wakati mbelewele imekwisha kumwaga, na hindi linabaki na ncha tupu. Kwa kuwa mbebaji ni upepo, anayepanda mahindi machache nyuma ya nyumba afadhali ayapande kwa mistari kadhaa mifupi iliyokaribiana kuliko mstari mmoja mrefu.

Kwa maboga, ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na ua jike lina kiboga kidogo chini ya petali. Madume hutangulia kwa siku nyingi. Asiyejua huyaona ya hasara. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, basi dawa, ikiwa lazima, ipigwe jioni.

Watu wa pwani wana macho makali kuliko wengi wetu. Karara la mnazi likipasuka hutoka upunga, wenye maua dume maelfu juu ya vitawi, na maua jike machache, makubwa ya mviringo, karibu na mashina ya vitawi hivyo. Katika minazi mirefu madume humaliza kazi kabla majike hayajawa tayari, ndiyo sababu mnazi huo hutegemea chavua ya jirani. Ua jike likishika linaitwa kidaka, kisha kitale, dafu, koroma, hata nazi.

Mgomba ndio unaotuhusu zaidi, hasa waumini wa Kagera na wote wanaoishi kwa ndizi. Mkungu ni ngazi iliyoning'inia kichwa chini. Maua yaliyotangulia, yaliyo karibu na shina, ni majike. Hayo ndiyo chane. Ndizi zetu za kula hukua pasipo chavua yoyote, kwa hiyo hazina mbegu. Baada ya chane ya mwisho ncha haiachi kukua. Inaendelea kutoa maua dume chini ya magamba ya zambarau, gamba moja baada ya jingine, kwa majuma mengi, na maua hayo hayaongezi hata ndizi moja. Kila gamba na ua likianguka huacha kovu bichi lenye utomvu. Wadudu wanaotafuta asali hutua hapo wakitoka kwenye mgomba mgonjwa, na kwa njia hiyo huingiza bakteria wa mnyauko, ugonjwa unaoozesha ndizi kwa ndani na kuua mgomba mzima.

Ncha hiyo inaondolewa mara tu chane ya mwisho inapokamilika. Tunatumia mti wenye panda: panda inashika mkonyo chini ya chane ya mwisho, kisha tunausokota mpaka uvunjike. Kisu hakitumiki, kwa kuwa utomvu ulioshika kwenye makali hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.